Mji Wenye Wenyewe: jinsi ya kuunda mji wa gemu unaokaliwa, kwa kipimo cha Lamu

Maswali ya wanaoanza kazi hii ni yale yale. Nyumba ngapi zinatosha? Mbona mji wangu unapendeza kwenye picha, lakini nikitembea ndani yake ni kama nimeingia makaburini? Mbona watu wangu wanakwama vichochoroni? Mwongozo huu unajibu yote matatu. Umeandikwa kwa gemu ya kuigiza mhusika, ya pande mbili, inayotazamwa kutoka juu. Kama yako ni ya pande tatu, vipimo na ratiba ni hizi hizi, utabadilisha uchoraji tu.

Jibu fupi ni kwamba majengo hayafanyi mji. Mji ni maji yanayotekwa, mkate unaookwa, mzigo unaoteremshwa na taka zinazotolewa, kila kimoja kwa saa yake na kwa mkono wa mtu fulani. Panga hayo kwanza, nyumba zitapata mahali pake. Ukianza na nyumba utakaa miezi ukiwatafutia watu wako kazi za kufanya.

Kipimo chetu ni mji wa kale wa Lamu. Unatembeka toka mtaa wa Mkomani hadi mtaa wa Langoni kwa muda mfupi, magari hayaingii vichochoroni, na sababu ya karibu kila kitu unaweza kuiona kwa macho. UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiunakili mji wenyewe. Nakili sababu zake, kisha zitie kwenye mji wako wa kubuni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye RAM ya GB 8 na injini ya Godot, yaani programu ya kuundia gemu, toleo la 4.3 au jipya zaidi. Ni bure. Majina ya vifaa yaliyo hapa chini ni ya Godot, na injini nyingine zina vyake vya namna hiyo.
- Karatasi kumi za mraba (zenye miraba midogo), penseli na ufutio. Hatua tatu za mwanzo hazifanywi kwenye kompyuta, na hili si pendekezo.
- Futi ya fundi ya mita 5.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Asubuhi mbili na jioni moja za kutembea mjini bila haraka.

Ukipima barazani kwa mtu, sema naye kwanza. Usipige picha za watu, ndani ya nyumba wala msikitini bila ruhusa. Unachotaka ni vipimo na saa, na hivyo unaweza kuviandika daftarini bila kumkera mtu.

Hatua ya 1: Andika kwa nini mji uko hapo

Sentensi moja tu: "Mji huu uko hapa kwa sababu…" Ya Lamu ingesomeka hivi: mkondo wenye kina uliokingwa na kisiwa cha Manda, maji matamu yanayopatikana chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na misitu ya mikoko inayotoa boriti za kujengea na za kuuza ng'ambo. Sababu tatu, na kila moja inazaa kazi za watu: nahodha na mpagazi, mteka maji, mkata boriti.

Andika pia ni nini kingeuvunja mji wako. Takwa, iliyoko Manda, ilihamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa zaidi ni maji ya visima kuingia chumvi. Mji usio na kitu cha kuogopa hauna mazungumzo barazani.

Hatua ya 2: Chora mikondo mitano

Chukua karatasi ya mraba, chora pwani au mto wako, halafu chora mistari mitano kwa rangi tofauti: maji, chakula, kuni na makaa, mizigo ya biashara, na taka. Kila mstari uwe na mwanzo na mwisho. Bado hakuna nyumba.

Mstari wa taka ndio unaosahauliwa na karibu kila mtu, nao ndio unaofundisha zaidi. Mitaa ya Lamu inayoteremka kuelekea baharini ina mitaro pembeni, kwa hivyo maji ya mvua na ya kuogea yanafuata mteremko. Ukijua mtaro unapita wapi, umeshajua mtaa unaelekea wapi, mlango unafunguka upande gani, na wapi pana harufu ambayo wenye pesa hawakujenga.

Mistari miwili inapokutana, weka uwanja au duka. Ikikutana mitatu, hapo ndipo kitovu cha mji. Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, ni mahali pa namna hiyo: soko liko kando, njia ya pwani iko hatua chache, na Usita wa Mui, mtaa mkuu wa Lamu, unapita hapo hapo.

Hatua ya 3: Uzeeshe mji mara mbili

Chora mji wako ulivyokuwa mwanzo, kisha weka karatasi ya pili juu yake na uchore ulivyokuwa baada ya miaka mia, kisha ya tatu kwa leo. Dakika ishirini kwa kila karatasi zinatosha.

Faida utaiona mara moja. Nyumba zinazotazama bahari Lamu ni za baadaye. Ukanda ule ulijazwa na kujengwa karne ya 19, na mtaa mkuu ambao leo uko ndani ulikuwa karibu zaidi na maji. Ndiyo sababu Usita wa Mui unakwenda sambamba na pwani ilhali hauioni bahari. Mchezaji hatajua historia hiyo, lakini atahisi kwamba mji haukumwagwa pale jana.

Hatua ya 4: Vipimo vya njia

Sasa fungua kompyuta. Tumia vigae (vipande vya mraba vinavyounda ramani) vya pikseli 32 kwa 32, na kigae kimoja kiwe mita moja. Ramani ya vigae 120 kwa 80 inatosha kwa mtaa mmoja kamili. Usianze na kubwa zaidi.

- Mtaa mkuu: vigae 3.
- Kichochoro cha kawaida: vigae 2.
- Kichochoro cha kigae 1: viwili au vitatu tu katika mji mzima, na visiwe njia ya mtu kwenda kazini.
- Njia iliyonyooka isizidi vigae 15 kabla ya kupinda, ili kona iwe na kitu cha kufichua.
- Kila vigae 8 hadi 10, weka daka, yaani kiukumbi cha mlangoni kilichoingia ndani, au kijipenyo cha kupishana.

Hilo la mwisho usilipuuze. Kichochoroni, mtu akikutana na punda mwenye mzigo hujibanza dakani punda akapita. Bila madaka, wahusika wawili wakikutana uso kwa uso watasukumana hadi asubuhi. Mpe mbeba mzigo haki ya njia na sauti yake ya "Simile! Simile!", na yeyote aliye mbele yake ndani ya vigae 4 atafute daka la karibu. Sheria hii moja huondoa nusu ya misongamano yote.

Kwa njia za wakaazi tumia AStarGrid2D, kifaa cha Godot cha kutafutia njia, na uweke hali ya mshazari iwe ya kupita pale tu pasipo kizuizi, la sivyo watakata kona kupitia ukutani. Angalizo: ukiita `update()` baada ya kubadilisha ukubwa wa eneo, alama zote za kuta na uzito wa njia zinafutika. Ita `update()` kwanza, ndipo uweke kuta.

Hatua ya 5: Nyumba moja iliyo sahihi

Unda nyumba moja kikamilifu kabla ya kuzidisha. Hapa tutakaa kidogo, maana nyumba ya Lamu imebeba sheria ambazo gemu yako inazihitaji.

Sheria ya kwanza ni ya boriti. Dari linakaa juu ya boriti za mikoko, na boriti imara hubeba upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi. Kwa hivyo chumba kinaweza kuwa kirefu utakavyo, lakini upana wake hauzidi vigae 3. Fuata hilo, na vyumba vyako vitakuwa vyembamba na virefu kama vya kweli bila kuiga picha yoyote. Kuta za matumbawe na chokaa ni nene, karibu nusu mita. Zipe kigae kizima, macho hayatalalamika.

Sheria ya pili ni ya mpangilio. Toka nje kwenda ndani, nyumba inakwenda hivi:

0. Daka na baraza zake: mtu yeyote anaweza kukaa.
1. Mlango na kipito chenye kona, ili aliye nje asione ndani: anaingia aliyejibiwa hodi.
2. Kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu: jamaa na majirani wa karibu.
3. Msana, sebule ndefu inayotazama kiwanda: watu wa nyumbani.
4. Ndani, chumba cha mwisho chenye zidaka ukutani: mwenye nyumba na aliowaruhusu.

Namba hizo ziwe ndizo daraja za kuaminiwa katika gemu yako. Mchezaji anaanza na 0 kwa kila nyumba, naye hupanda kwa salamu, kwa kazi aliyoifanya, kwa kutajwa vizuri na jirani. Gemu nyingi humwacha mgeni aingie hadi chumbani kwa watu na kufungua makabati. Usikubali, maana kitendo hicho kimoja kinauvunja mji wote uliohangaika kuujenga. Mlango usiofunguka una thamani kuliko chumba kitupu.

Mgeni wa kulala apewe sabule, chumba cha wageni kinachofikiwa bila kupita kwa wenyeji. Hapo ndipo pa kuweka kitanda cha mchezaji na mahali pa kuhifadhi mchezo.

Wikio, kile chumba kinachovuka juu ya mtaa na kuunganisha nyumba mbili, kiwekwe kwenye TileMapLayer (tabaka la vigae) ya juu, na uzito wa rangi yake (alfa) ushuke hadi 0.35 mchezaji anapopita chini. Viwili vinatosha. Chini ya wikio ni kivuli, kwa hivyo mchana watu wakae hapo.

Ukimaliza, zidisha: nyumba 12 zenye ndani na 30 za kufungwa. Hizi 30 si mapambo. Kila moja iwe na sauti inayojibu hodi: "Nani?", "Mwenyewe hayupo, njoo baada ya alasiri", au ukimya na harufu ya chakula. Mistari sita kwa nyumba, ibadilike kwa saa. Ni kazi ya siku moja, na mji unaonekana mkubwa mara tatu.

Hatua ya 6: Wakaazi 36

Kwa nyumba hizo 12, tumia mgawanyo huu kama mwanzo: watoto 8, wazee 5, wavuvi 4, wapishi na wauza vyakula 4, mabaharia 3, wenye maduka 3, wabeba mizigo na punda wao 3, mafundi wa mbao 2, washona kofia 2, muokaji 1, mwalimu wa madrasa 1. Ongeza punda 6 na paka 15. Paka wasiwe na ratiba, wafuate samaki na kivuli tu.

Mpe kila mtu vitu vitatu: anayemtegemea, anayemdai, na mahali anapopenda kukaa. Historia ya maisha ya kurasa mbili hakuna atakayeisoma.

Hatua ya 7: Ratiba

Amua mwendo wa saa kwanza. Gemu ya Skyrim, kwa mfano, huenda mara 20 ya saa ya kweli, yaani siku nzima kwa dakika 72. Kwa mtaa mdogo kama huu, sekunde moja iwe dakika moja ya mjini. Siku itakwisha kwa dakika 24, na mchezaji ataiona asubuhi na jioni katika kikao kimoja.

Sasa tahadhari inayowahusu waandishi wa Kiswahili peke yao. Wewe unafikiri kwa saa zetu, kompyuta inahesabu 0 hadi 23. Saa ya mchana, ongeza 6: saa 1 asubuhi ni 7, saa 10 alasiri ni 16. Saa ya usiku na alfajiri, ongeza 18 na ukivuka 23 toa 24: saa 3 usiku ni 21, saa 10 alfajiri ni 4. Andika kazi moja ya kubadilisha na uitumie kila mahali. Ukichanganya, muokaji atawasha tanuri jua likizama. Kumbuka pia kwamba usiku wa Ijumaa kwetu ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kama mji wako una sherehe za usiku, amua tangu mwanzo siku inageuka magharibi au saa 6 usiku.

Huu ni mfano wa ratiba ya mama anayeuza mahamri, kwa saa za kompyuta:

- 4: anaamka, anapanda jikoni darini.
- 5: anakaanga. Moshi juu ya dari, mtoto wa jirani yuko dakani na sahani.
- 6 hadi 8: anauza mlangoni. Wavuvi kwanza, kisha wanafunzi.
- 9: anaosha vyombo, mtoto anamwaga majivu.
- 10: dukani kwa unga, sokoni kwa nazi.
- 13: anakula, analala.
- 16: kwa dada yake, mtaa wa pili.
- 21: anakanda unga wa kesho.

Mistari minane kwa mtu wa kazi, mitano kwa mzee. Kila mtu awe na ratiba mbili, ya siku za kawaida na ya Ijumaa.

Andika saa ya kufika, si ya kuondoka, na kompyuta itoe umbali uliogawanywa kwa mwendo ili ijue amtoe mtu nyumbani lini. Vigae 60 kwa mwendo wa vigae 3 kwa sekunde ni sekunde 20, ambazo ni dakika 20 za mjini. Usipofanya hesabu hii, kila mtu atafika msikitini sala ikiwa imekwisha.

Tia tofauti ya dakika 10 mbele au nyuma kwa kila mtu kila siku. Muokaji na muadhini uwaache bila tofauti, kwa sababu wengine wote wanajipima kwao. Lamu iko karibu na ikweta, kwa hivyo jua halibadilishi sana saa zake mwaka mzima: alfajiri karibu saa 11, magharibi kati ya saa 12 na dakika 5 na saa 12 na dakika 35 hivi. Unaweza kuzifunga nyakati za sala kwenye saa moja moja bila kukosea kwa kiasi cha kuonekana.

Mwisho wa hatua hii, unganisha ratiba kwa minyororo. Unga ukikosekana dukani, kesho hakuna mahamri. Mahamri yakikosekana, wavuvi wanatoka na njaa na wanarudi mapema. Minyororo mitatu inatosha. Ukiweka kumi hutaweza kujua hitilafu imetoka wapi.

Hatua ya 8: Saa ya pili, bahari

Kama mji wako uko pwani, hapa ndipo utakapopata uhai mwingi kwa kazi ndogo. Maji hujaa na kupwa kwa mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, yaani dakika 745, kwa hivyo kila siku maji makuu yanachelewa dakika 50. Ratiba ya bahari inateleza juu ya ratiba ya jua, na siku mbili hazifanani hata kama hukuandika mstari mpya.

`maji = cos(2π × dakika ÷ 745)`

Dakika ni jumla tangu gemu ianze. 1 ni kujaa, −1 ni kupwa. Kisha:

- Juu ya 0.3: jahazi na mashua zinaelea, zinaingia na kutoka, wapagazi na punda wanakwenda gatini.
- Kati ya 0.3 na −0.5: vyombo havisogei, watu wanatengeneza nyavu na kuzungumza.
- Chini ya −0.5: vyombo vimelala tope tupu, mafundi wanashuka kutia kalafati (kuziba mianya ya mbao), watoto wanacheza chini, paka wanafuata.

Kwa bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo), zidisha matokeo kwa `1 + 0.35 × cos(2π × siku ÷ 14.77)`, siku ya 0 ikiwa ya mwezi mwandamo. Ikivuka 1.25, lowesha vigae vya ukingo wa gati.

Badilisha vigae vya pwani kwa hatua tano, si mfululizo. Mchezaji haoni tofauti, kompyuta inaiona.

Upepo ushughulikie kwa ufupi. Kaskazi, toka Desemba hadi Machi hivi, huleta vyombo vya mbali, maduka yanajaa tende na vitambaa, sabule zinajaa wageni. Kusi huvirudisha. Hali mbili za maduka na orodha mbili za wageni zinatosha.

Hatua ya 9: Sauti kabla ya picha

Tembea alfajiri, adhuhuri na usiku, urekodi dakika 3 kila mahali: pwani, mtaani, chini ya wikio, karibu na karakana. Utagundua kuta nene zinakata sauti ghafla ukipinda kona. Tumia AudioStreamPlayer2D, vifaa vya Godot vya kutoa sauti, zenye masafa mafupi, vigae 10 hadi 14, na nyundo ya fundi isikike kabla fundi hajaonekana.

Adhana iheshimu. Muziki wa gemu unyamaze, isirudiwe mfululizo, isikatwe katikati na sauti za mapigano, wala isiwe kitu cha kubonyeza.

Hatua ya 10: Maneno

Hakuna anayeanza na shida yake. Salamu kwanza, "Sabalkheri" asubuhi na "Masalkheri" jioni, kisha hali ya nyumbani, ndipo jambo. Mtoto amwanze mkubwa. Mchezaji akiruka salamu, ajibiwe kwa ufupi na bei ipande kidogo. Asielezwe kwa nini, atajifunza. Wakaazi wasalimiane wenyewe kwa wenyewe pia, mistari miwili juu ya vichwa, si zaidi ya jozi 3 kwa wakati mmoja kwenye kioo.

Hatua ya 11: Alama za matumizi

Weka alama hizi mwisho kabisa: chokaa iliyobanduka chini ya ukuta penye unyevu, baraza iliyolainika katikati ambapo mzee hukaa, kinyesi cha punda kwenye njia ya mizigo, kamba iliyoachwa gatini. Kwa kila kitu jiulize: nani alikiacha? Kama huna jina, kiondoe. Mapipa na makasha yasiyo na mwenyewe ndiyo yanayoufanya mji unuke karakana ya michoro.

Hatua ya 12: Jaribio la siku tatu

Siku ya kwanza, simama Mkunguni kwako dakika 24 bila kusogea. Siku ya pili, mfuate mtu mmoja toka kuamka hadi kulala. Siku ya tatu, kaa daka moja la kichochoroni. Andika kila dakika iliyopita bila kitu chochote kutokea. Mchana wa joto, 13 hadi 15 kwa saa za kompyuta, unaruhusiwa kuwa mtupu, na uwe hivyo. Utupu saa 12 asubuhi ni kosa.

Mambo yanapoharibika

*Mji ni mtupu ingawa wakaazi ni wengi.* Ramani ni kubwa mno. Usiongeze watu, kata vigae. Au kila mtu yuko ndani: hesabu walio nje saa 1 asubuhi na saa 11 jioni, wawe angalau 15 kati ya 36.

*Wote wanatoka milangoni kwa pamoja kama askari kambini.* Umesahau tofauti ya dakika 10, au umeandika saa za kuondoka.

*Wanakwama mlangoni.* Mlango una kigae 1 na wawili wanakitaka. Anayetoka awe na haki, anayeingia asubiri dakani.

*Wanapita katikati ya baraza za watu.* Vigae vya baraza vina uzito sawa na njia. Vipe uzito 4 kwa `set_point_weight_scale`, watapita pembeni isipokuwa wanaokwenda kukaa.

*Gemu inakuwa nzito.* Unatafuta njia upya kila fremu. Tafuta mara moja kila nusu sekunde, na wagawe wakaazi katika makundi sita yanayopokezana. Walio mbali na kioo kwa vigae 25 usiwatembeze kabisa: wasome ratiba na uwaweke wanapopaswa kuwa.

*Mtu anatokea ghafla mbele ya macho.* Ni matokeo ya dawa ya juu. Wanaorudishwa wawekwe nyuma ya kona au mlangoni, kamwe wasiwekwe penye uwazi.

*Ukifungua mchezo uliohifadhiwa, wote wako vitandani saa 10 alasiri.* Umehifadhi mahali walipokuwa bila dakika ya mji, au ratiba inasoma mstari wa kwanza badala ya mstari wa mwisho uliokwisha kupita. Kumbuka anayefanya kazi kuvuka saa 6 usiku: saa 8 usiku wa manane, mstari wake uko kwenye orodha ya jana.

*Mchezaji anapotea.* Usimwekee mishale. Njia zinazoteremka zinakwenda baharini; hakikisha mtaro unaonekana, na mlio wa mawimbi unaongezeka kuelekea huko. Milango miwili au mitatu ya nakshi tofauti, na mnara mmoja unaoonekana juu ya madari, humalizia kazi.

*Mji uko sawa, lakini anayecheza hatambui kitu.* Anaingia kwa wakati mbaya. Usimshushe adhuhuri, watu wamelala. Mshushe gatini saa 12 asubuhi, maji yakiwa yamejaa, wapagazi wanateremsha mizigo, moshi wa mahamri uko juu ya madari matatu, na mbele yake pana punda anayetaka kupita.